Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Mwanamisi aliizoea Bariadi kabla Bariadi haijaamua kumzoea yeye. Alikuja kumfuata mumewe, Hemed, aliyehamishwa kutoka Tanga kuja ofisi ya maji ya mkoa, na haukupita muda akawa anajua duka gani sokoni huletewa nazi kwa basi, na fundi gani hamalizi nguo mpaka umkalie kitako. Wengine waliohamishiwa mkoani waliishi kama abiria, mabegi yamefungwa, masikio kwenye habari za uhamisho. Yeye alipanda mchaichai nyuma ya nyumba, na mchaichai ukashika.

Jumamosi jioni wageni hao walikusanyika barazani kwake. Thomas, mwalimu wa hesabu, Mchaga wa Kibosho, ndiye aliyekibatiza kikao hicho jina la diaspora. Perpetua, muuguzi kutoka Songea, alileta maharage ya kwao kila alipotoka likizo. Walikula pilau, wakasifia migomba na mito waliyoiacha, wakaulalamikia udongo mweusi unaong'ang'ania viatu masika na vumbi linaloingia mpaka ndani ya kabati kiangazi. Zaidi ya yote walisema kwamba Wasukuma ni watu wema, ila hawana haraka ya kukujua. Mwanamisi aliyasikia hayo mara nyingi, hadi siku moja alipotazama huku na huku na kugundua kuwa barazani pale hajawahi kuketi Msukuma hata mmoja.

Wakati huo alikuwa na mtoto mchanga, Maftaha. Akatangaza kwamba akika ya mtoto itafanyika pamba ikishavunwa, na kwamba ataalika nzengo nzima, yaani majirani wote wa kitongoji, wale wanaozikana na kulimiana.

Thomas alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Shemeji, nzengo haiji kwa kadi. Inakuja kwa mtu wake. Wewe hapa ni mtu wa nani?"

"Wa Mayu Anyes," akajibu.

Jibu lilikuwa kubwa kuliko ukweli, lakini halikuwa uongo. Mayu Anyes, mayu ni mama kwa Kisukuma, alikuwa mjane wa upande wa pili wa ua wa minyaa. Msibani yeye ndiye aliyegawa kazi, na akina mama wa nzengo walikwenda alikokwenda. Tangu Mwanamisi ajifungue, mama huyo alikuja asubuhi na kibuyu cha maziwa, akamimina kwenye sufuria, akaondoka nacho. Alisema mzazi anayenyonyesha kwa chai ya rangi atalea mtoto mkavu kama bua la mtama.

Asubuhi moja Mayu Anyes alikuwa na safari ya mnadani. Akaacha maziwa na kibuyu chake, akasema atakipitia.

Hapo ndipo malezi mema ya Pangani alikokulia yalipomponza Mwanamisi. Kwao chombo cha jirani hakirudi kichafu, wala hakirudi kitupu. Alikitazama kibuyu kile, mdomo wake wa kupitisha ngumi, ndani cheusi tii, kinanuka moshi, mafuta yameganda shingoni, akakionea huruma. Akatia maji ya moto, sabuni ya unga na mchanga, akakitikisa mpaka mikono ikamuuma. Akakisuuza, akakianika juani hadi kikatoa harufu ya limau. Kisha akakijaza kaimati za moto, akafunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe, akakipeleka kabla hakijafuatwa.

Mayu Anyes alikipokea kwa mikono miwili. Akanusa. Akasema asante.

Kesho yake maziwa hayakuja. Keshokutwa pia.

Diaspora walikuwa na maoni, kama kawaida yao. Perpetua alidhani mama wa watu anaumwa, ila Mwanamisi alikuwa amemwona kisimani akiwa mzima wa afya. Thomas alishauri wapishi wakodiwe mjini na habari ya nzengo isahaulike. Hemed, mtu wa amani, akaona heri wasubiri jambo lipoe.

"Likipoa litaganda," Mwanamisi alisema. "Nakwenda kuuliza."

Alfajiri akamfunga mtoto mgongoni, akapita kwenye upenyo wa minyaa. Alimkuta Mayu Anyes anachochea moto. Akapiga goti kama alivyoona wanawake wa pale wakifanya, akatoa salamu kwa Kisukuma chake cha kuokoteza.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola."

Wakazungumzia umande, kisha bei ya pamba, kisha meno ya mtoto ambayo hata hayajaota. Mwanamisi aliona kuwa kwa njia hiyo jua litawakuta palepale.

"Mayu, nimekukosea, na sijui nimekukosea nini. Niambie, maana kubashiri sijui."

Mayu Anyes aliinuka, akaingia ndani, akarudi na kibuyu. Kilikuwa kimepauka kama kichwa kilichonyolewa.

"Kibuyu cha maziwa hakioshwi kwa sabuni, mama Maftaha. Kinafukizwa. Hiki nilikabidhiwa na mama mkwe siku naingia mji huu. Sasa kila nikitia maziwa yanatoka na harufu ya kufulia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Umekileta na maandazi yake madogo, umekivika na kitambaa. Mtu akikukosea kwa heshima, utamgombeza kwa mdomo gani?"

Mwanamisi hakulia, wala hakutaja kununua kingine, kwa sababu aliona wazi kuwa mama mkwe hauzwi sokoni. Aliuliza kinafukizwaje. Akaeleza kwamba kwao bibi yake hafukizi nguo tu. Hata mtungi wa maji huufukiza kwa ubani, mtu akinywa maji yakamnukia mdomoni. Kwa hiyo moshi anaujua, asichokijua ni maziwa. Mayu Anyes alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akamwambia aje kesho, na asivae dera jeupe.

Akaenda kesho, na siku zilizofuata. Alijifunza kuchagua vijiti vinavyofaa, kuviwasha, kuviingiza ndani ya kibuyu vikiwa makaa, kutikisa na kuziba mdomo moshi usitoroke. Wanawake waliopita kwenda kisimani walisimama kumtazama mtu wa pwani anavyotokwa machozi. Walimcheka, naye akawacheka wanavyomcheka. Mmoja alimuuliza, kama adabu ya salamu inavyotaka, ng'ombe wake hawajambo.

"Hawajambo," Mwanamisi akajibu. "Wanasubiri kununuliwa tu."

Jibu hilo lilifika kisimani kabla ya ndoo.

Lakini kibuyu hakikupona. Mayu Anyes aliyaonja maziwa, akayatema, akasema sabuni ya mjini ina nguvu kuliko ukoo wa mume wake. Akakipandisha kibuyu darini. Maziwa yakaanza kuja tena, sasa kwa jagi la plastiki. Na Mwanamisi alipomwambia siku ya akika, alijibu neno moja tu: "Tumesikia." Neno hilo huko linaweza kuwa ndiyo, na linaweza kuwa kwaheri.

Siku ya akika mbuzi alichinjwa mapema. Thomas na Perpetua walifika wamependeza, wakakaa kwenye viti vya wageni. Upenyo wa minyaa ulikuwa mtupu. Thomas aliutazama upenyo, akaitazama saa yake. Hemed alisogea karibu na mkewe, akauliza polepole kama wapunguze mchele, maana uliopimwa ulikuwa wa kulisha kitongoji.

"Usipunguze hata kibaba," Mwanamisi akasema, akaendelea kupepeta.

Mchele ulikuwa bado kwenye ungo minyaa ilipotikisika. Waliingia mmoja nyuma ya mwingine, kuni kichwani, ndoo mkononi, Mayu Anyes mbele. Hakuna aliyetafuta kiti. Mayu Anyes alisimama katikati ya uwanja akagawa kazi kama yuko kwake. Perpetua alijikuta na beseni la vitunguu. Thomas alikuwa bado anatabasamu kwa mshangao.

"Mwalimu," Mayu Anyes akamwambia, "kwani wewe hapa mgeni? Shika ndoo."

Thomas akalegeza tai, akashika ndoo.

Ndipo Mayu Anyes akafungua fundo la kanga na kutoa kitu alichompa Mwanamisi mkononi. Kilikuwa nusu ya kibuyu, kimepasuliwa kwa urefu, kingo zimelainishwa, kimekuwa kata ya kuchotea maji.

"Nusu nyingine iko kwangu," alisema. "Hii sasa ioshe utakavyo."

Mwanamisi akaichovya pipani, akaonja. Maji yalinukia moshi kidogo, na limau kidogo. Akachota tena, akamimina kwenye sufuria la wali.