Zima Injini Kabla ya Lango

Mwanangu Mutinda, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, hadi leo masikio yangu hupata moto. Sikukusudia kukusimulia, maana mzee naye hupenda kuficha ujinga wake wa zamani. Lakini juzi umeileta hapa uani hiyo pikipiki kubwa, mama yako akaifuta vumbi kwa leso yake mwenyewe, na nimesikia Jumamosi wazee wanakupeleka Tawa, kwa kina mchumba wako, na mbuzi wa ntheo. Basi keti kidogo. Chai ipo.

Unajua kwetu Ukambani bila ntheo hakuna ndoa. Hata mzae watoto saba, kama wale mbuzi watatu hawajafika kwa wakwe, mke bado ni wa kwao. Mbuzi wangu wawili nilinunua sokoni Matiliku. Wa tatu alinipa mama yangu, ambaye wakati huo alikuwa mjane. Alikuwa jike mwenye doa jeupe usoni, aliyefiwa na mama yake siku ya kuzaliwa, na mama akamlea kwa chupa hadi akakua. Alimwita Kaveti. Siku ya kumtoa alimshika masikio, akamwambia aende akaniletee mke mwema.

Pikipiki ilikuwa ya mjomba wangu Kioko, aliyekuwa fundi pale pale Matiliku. Aliinunua kwa mhandisi mmoja wa barabara aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa na silinda mbili kubwa, kiti cha chini, usukani mpana, na miguu unainyoosha mbele kama mzee aliyemaliza kula. Ikisimama tu huku injini inawaka, kioo cha kando kilitetemeka usiweze kuuona uso wako. Uzito wake, ikilala chini, ni watu watatu kuiinua.

Gari la kuwapeleka wazee Mutomo kwa kina mama yako lilijaa, watu na mbuzi. Mjomba ndiye aliyeongoza wazee wetu, kwa hiyo akanipa pikipiki niwafuate. Kabla ya kuondoka alinishika bega.

"Hii si kama zile ndogo zinalia kama nyuki," akaniambia. "Hii nguvu yake iko chini. Usiikimbize. Achilia klachi polepole, itakuvuta yenyewe. Na ukikaribia boma la wakwe, zima injini, sukuma. Umenisikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Nilisikia kwa yale masikio ya vijana, ambayo unayajua.

Kutoka Emali hadi Kibwezi kwenye lami, mwanangu, nilijiona mfalme. Niliiweka gia ya juu nikaiacha hapo. Mlima ukija, sikubadilisha kitu. Nilikunja mkono kidogo tu, ikapanda kana kwamba barabara ni tambarare. Malori niliyapita bila injini kupandisha sauti. Ilitulia barabarani kwa ule urefu na uzito wake, upepo wa malori usiitikise. Nikajiambia nguvu zote hizi ni zangu.

Murram, ile barabara ya changarawe baada ya Kibwezi, ikanisahihisha. Ule uzito ulionibeba kwenye lami sasa mimi ndiye niliyeubeba. Kwenye mchanga gurudumu la mbele lilitaka kwenda kwake, na kona ndogo haikuipenda kabisa, ilibidi niizungushe kwa upana kama ng'ombe wa plau. Hili kovu la mguu wa kulia nililipata siku hiyo, kwa bomba la moshi, nilipoteremsha mguu ovyo kuizuia isilale. Ningekuwa na akili, ningeelewa hapo kwamba chombo hakinijui. Lakini nilipanguza jasho nikaendelea.

Karibu na boma nikawakuta wazee wameshuka kwenye gari, wanatembea na mbuzi kwa kamba, pole pole kama inavyotakiwa. Langoni walisimama wasichana, mama yako Mwende akiwa miongoni mwao. Lo! Nikasahau mjomba, nikasahau na mama. Nikavuta klachi nikapiga resi mara tatu.

Mbuzi wa boma zima walitawanyika. Susu Kalunde, nyanyake mama yako, alikuwa akikamua, na maziwa yote yakamwagika. Na Kaveti, mtoto wa chupa ambaye hakuwahi kusikia mngurumo kama ule, alikata kamba, akaruka ua wa miiba, akapotelea kichakani.

Babu yako Musyoki, baba yake Mwende, hakunipigia kelele, na heri angenipigia. Alihesabu kwa macho, akamwambia mjomba, "Mimi naona mbuzi wawili. Ntheo haijafika." Akarudi ndani. Wazee wetu wakabaki wamesimama nje ya lango, hawajakaribishwa hata maji, na jua lile la Mutomo unalijua. Mjomba hakunitazama. Mwende alikuwa ameshaingia nyumbani. Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Nilimwona mke akiniponyoka, na nikawaza nitarudi kumwambia nini mama yangu.

Nikaanza kufuata nyayo kwa miguu. Sijafika mbali nikasikia fimbo nyuma yangu. Ni Susu Kalunde. Mama mkwe nilipaswa kumkwepa, lakini nyanya kwetu ni mtu wa utani, anaweza kukuambia lolote.

"Wewe kijana wa pikipiki, ngoja. Hiyo kitu yako, ikienda polepole inazima?"

"Hapana, Susu. Hiyo ikienda polepole ndio iko na nguvu. Hata ukibeba mtu inapanda mlima na hailii."

"Haya. Hapa kwetu umeona mlima?"

"Hapana, Susu."

"Sasa ile kelele ilikuwa ya kupanda nini?"

Alicheka kidogo, kisha akasema bila kicheko, "Basi pikipiki iko na heshima kuliko wewe. Kelele ilikuwa yako."

Tulimkuta Kaveti mtoni, mto mkavu, kwenye kisima kilichochimbwa mchangani, anatetemeka. Nilipomsogelea akarudi nyuma. Susu akaniambia nivue koti, maana lilinuka petroli na moshi. Nikalivua, nikaketi mchangani, nikamwita vile mama yangu alivyomwita, kwa ulimi, taratibu. Alikawia. Mwisho akaja mwenyewe akaingiza pua kiganjani mwangu. Nililia, na Susu akajifanya anatazama ng'ambo.

Saa kumi nilirudi na Kaveti mabegani, vumbi hadi kwenye kope, koti nimelikunja kwapani. Babu yako alitoka, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Sasa mkwe amefika," akasema. "Fungueni lango."

Tulilala huko. Asubuhi niliisukuma pikipiki hadi barabarani, jasho likinitoka, na Susu akanifuata na leso yake. Akasema hajawahi kupanda, na kwamba ananidai maziwa, basi nimlipe kwa safari. Akaketi upande. Niliweka gia ya pili, nikaiacha injini ipumue yenyewe, nikawa kama simo. Tulipita katikati ya mbuzi wa boma lote, Susu akiimba wimbo wa kanisani mgongoni mwangu. Hakuna mbuzi hata mmoja aliyeinua kichwa. Kaveti alikuwa pale, anatafuna. Siku hiyo ndipo nilipoiendesha pikipiki ile kwa mara ya kwanza, ingawa nilikuwa nimetoka nayo Matiliku.

Mwanangu, kimya kingi kina mshindo mkuu. Ulichonunua ni chombo kizuri, na sikukatazi kukifurahia. Kwenye lami kiache kijinyooshe, kwenye mchanga kinyenyekee, mzigo ukiwepo kisaidie. Lakini usiwatishe watu kwa nguvu ambayo huihitaji. Ndivyo ilivyo pia kwa sauti ya mume ndani ya nyumba. Mama yako hajawahi kuniambia kama alinisikia siku ile. Yeye husema tu kwamba aliniona nikirudi kwa miguu.

Jumamosi utatangulia au utafuata, hilo ni lako. Ila ukiona lango la Tawa, zima injini. Shuka. Sukuma.

Njoo karibu nikutemee mate kifuani kama wazee wetu walivyotutemea. Ngai akuathime, mwanangu, Mungu akubariki wewe na huyo binti. Barabara ikupokee, mbuzi wafike watatu, na lango lifunguliwe kabla hujabisha.