Mchumba wa Manowari ya Tatu

Siku moja tukianika nguo, jirani yangu Dositea aliniuliza, "Eti shoga, nadhiri nayo huoza kama dagaa?"

Nikamwambia mimi si padre, lakini ya Fermín Loureda ilikuwa imeshaanza kunuka mtaa mzima.

Aliyebebeshwa harufu hiyo ni mchumba wake Hermitas, muuza dagaa wa langoni mwa kiwanda cha meli hapa Ferrol. Mwanamke wa kazi, Mungu anamjua. Fermín, mgonga ribiti za kuungia mabati ya meli humo kiwandani, alimposa wakati wakubwa wa Madrid wanaunda manowari zao tatu. Wamarekani walikuwa wametuzamishia meli kule Kuba, basi wakubwa wakataka kutisha dunia tena. Fedha ilikuwa haba na magudi yetu mafinyu, kwa hiyo manowari zikapunguzwa zienee humo, kama mtu anayeshonewa suti kwa kipimo cha kabati. Tukazibariki hivyo hivyo.

Fermín alianguka kutoka kwenye jukwaa la ile ya tatu, akaokoka. Jumatatu ya Pasaka, tulipopanda kilimani kuhiji kwa Bikira Maria wa Chamorro, akapiga magoti mbele ya watu na kuapa, kwa shukrani, hataoa mpaka meli hiyo ipate mizinga yake. Alidhani ni mwaka tu. Mizinga ilikuwa itoke Uingereza. Kabla ya vuli Ulaya ikawaka vita, na Waingereza wakaona wanayo matumizi nayo wenyewe.

Meli ikakaa gatini kama fahali asiye na pembe. Hermitas naye akakaa, shuka zake za harusi zikageuka manjano sandukuni. Kila asubuhi wanaume wa langoni walimwuliza kama Mwingereza kamwandikia. Naye aliwajibu kwamba kaandika, anauliza kama Ferrol kumebaki mwanamume.

Mwishowe padre akamwita Fermín, akamwambia Kanisa laweza kuibadili nadhiri: azunguke kanisa la Chamorro kwa magoti, yaishe. Hermitas akazitoa shuka, akazifua. Fermín akasema atafikiri. Nadhiri ile ilikuwa imemfanya mtu mkubwa. Mabaharia wageni walipelekwa kilabuni kumtazama, wakamnunulia mvinyo, naye akasimulia huku amefumba macho. Nimemwombea sana, ila nikisema alikuwa na haraka ya kuoa nitahitaji kwenda kuungama.

Jumamosi, watu walipotoka kazini, Hermitas alimsimamisha langoni, maana kwetu posa iliyotangazwa hadharani huvunjwa hadharani. Akataka jibu alilompa padre. Fermín akaanza kwamba Bikira si wa kufanyiwa mchezo, na kwamba huenda mizinga ikafika masika.

"Vumilia, dada," mmoja wa wenzake akamwambia, akicheka. "Hata mfalme anaingoja meli yake."

Hermitas akatua kapu lake chini.

"Mfalme anazo nyingine mbili," alisema. "Mimi, Fermín, naomba uniachie leo, hapa mbele ya watu, nikatafute mume."