Pedali Iliyoniokoa na Soprano

Enzi zetu pale mtaani Free Area, msichana ukisema unapiga besi, watu walicheka kwanza, halafu wakauliza, "Besi gani, ya gitaa?" Naongea juu ya mwaka wa 2007, wakati simu ilikuwa ya kupiga na kucheza gemu ya nyoka tu, na kanisa letu la mabati lilipata joto mchana mpaka nyuzi zinalegea zenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na minne, vidole vina sugu, na nilipenda lile gitaa la besi la kanisa kuliko chapati za Krismasi. Sitanii!

Shida ilikuwa moja: besi yangu ilikuwa inalia chachu. Kila Jumapili! Desturi yetu ilikuwa kutyuni, yaani kulinganisha sauti ya nyuzi, kwa kinanda. Brother Sammy, mpiga kinanda wetu, anabonyeza, mimi nakaza nyuzi mpaka zifanane na yeye. Lakini wimbo wa pili ukifika, mimi niko Njoro na wengine wote wako Gilgil. Mwishowe Mwalimu Cheruiyot wa kwaya akanipa onyo: "Siku ya vijana besi ikilia hivyo tena, unarudi kuimba soprano." Woi! Nililia mpaka ugali ukapoa.

Baba alikuwa akifanya kazi Olkaria, na aliporudi wikendi akanikuta nimenuna. Akaniambia, "Vaa viatu, twende mjini." Tukaingia duka la vyombo vya muziki la Singasinga mmoja mwenye kilemba, Mzee Hardev, ambaye Kiswahili chake kilishinda changu. Mimi macho yalikuwa kwa tyuna ndogo ya plastiki, ile inayosikiliza kwa maikrofoni. "Hiyo wacha," Mzee akasema. "Kanisa lenu lina ngoma? Itasikia ngoma, itasikia vigelegele, itachanganyikiwa. Chukua ya kukanyaga." Akachomeka waya wa gitaa kwa pedali ya chuma, akaniambia nijaribu uzi mnene kwanza, kwa sababu tyuna nyingine haziusikii vizuri. Nikapiga. Taa nyekundu ikatembea, ikatembea, ikafika katikati ikawa kijani! Na ukiikanyaga, sauti ya gitaa inazimwa, unatyuni kimya hata pasta akiomba. Baba akailipia, nikamkumbatia pale pale dukani, akaona haya.

Siku ya vijana kanisa lilijaa mpaka nje, wageni wametoka Molo na Naivasha. Wakati wa maombi nikakanyaga pedali, nyuzi zote zikapata kijani. Wimbo ukaanza, nikapiga noti ya kwanza, na aki ya Mungu, ilikuwa mbaya kuliko siku zote! Besi na kinanda zilikuwa zinapigana. Mwalimu akanigeukia na yale macho. Siku nyingine ningekimbilia kufuata kinanda. Nikakanyaga tena. Kijani. Nikapaza sauti, "Mwalimu, si mimi! Angalia kinanda!"

Wimbo ukakatika. Mwalimu akaenda kuchungulia kioo kidogo cha kinanda, na hapo ndipo tulipojua. Sammy alijua kupiga ufunguo mmoja tu, ule wa vibonye vyeupe. Wimbo ukihitaji kuwa juu, alikuwa na kitufe cha kupandisha kinanda chote, halafu akimaliza anasahau kukirudisha. Kumbe miezi yote ile nilikuwa nakaza nyuzi kwa kinanda kilichopandishwa, akikumbuka kukishusha naachwa juu peke yangu, nikionekana mjinga!

Sammy akakishusha huku akitazama sakafu. Mwalimu hakuniomba msamaha. Watu wazima wa enzi zile hawakuwa na hiyo tabia. Alirudi mbele ya kwaya, akainua mkono, kanisa zima likanyamaza. Akasema, "Besi, tupatie sauti." Nikapiga uzi mmoja, na kwaya yote ikaanza kuimba kutoka kwa sauti yangu. Vigelegele vilivyofuata, wee! Nilicheka nikipiga, nikapiga nikilia.

Siku hizi vijana wa kanisa letu wanatyuni kwa simu huku wakijipiga selfi, na besi zao hazikosei. Nawaonea wivu, siwezi kudanganya. Wakikosa bando dakika tano wanasema wanateseka. Lakini nawaangalia wakipiga, hakuna anayegeuka kuwatazama, na nasikia uchungu kidogo kwa niaba yao. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na kanisa zima lilinyamaza likinisubiri.