Waya wa Plagi

Juzi mjini Same nilimwona fundi akichomoa waya wa plagi, ule unaopeleka cheche za kuwasha injini, kwenye mashine ya kukatia majani, ili isiwake akisafisha visu. Nikasimama palepale kumtazama.

Utotoni mwangu, baba aliendesha mashine kama ile, ya kukalia, kwenye uwanja wa misheni kule milimani. Mchana mmoja nilimkuta mdogo wake, Eliamini, ameiinamia, ananuka petroli, akivuta waya uleule.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Namsaidia baba yako."

Nikaamini. Baba alipojaribu kuiwasha, ilikoroma tu. Alihangaika hadi jioni, jasho likimtiririka, msimamizi akimtazama. Kesho yake kazi alipewa baba mdogo, na mashine ikawaka mara moja. Nikampigia makofi, baba akiwa kando yangu.