Drili ya Saa Nne

Mimi ndiye niliyekuwa nahesabu. Nalisema mapema, asije mtu akanionea huruma njiani. Kila siku saa nne asubuhi, makarani wanne wa ofisi ya shamba la mkonge, kule nyuma ya Soga, tulitoka nje kwenye uwanja wa mchanga tukaruka, na sauti iliyoita "Moja! Mbili! Tatu!" ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kimbelembele cha kumshinda jogoo.

Drili aliileta bwana meneja, Mwingereza aliyetoka jeshini baada ya vita vya pili. Alitukuta tumekaa kutwa, mmoja anasinzia juu ya daftari, mwingine kitambi kinamzuia kusogeza kiti. Akasema mtu anayekaa kutwa huanza kuoza makalioni, na yeye hataki ofisi inayonuka. Akaagiza dakika kumi kila siku: kunyoosha mikono, kuchuchumaa, kuruka huku miguu inatanuka na kufunga. Nguo ni kaptula na fulana. Kanzu uwanjani marufuku. Akanichagua mimi niongoze, niweke na orodha ya waliofika, nimsomee kila Jumamosi.

Mazoezi yenyewe, tuseme kweli, yalitufaa. Wiki ya pili mgongo uliacha kuniuma, na yule wa kitambi akaanza kufunga mkanda tundu la ndani. Ubaya haukutoka kwenye kuruka.

Karani mkuu wetu alikuwa mtu mzima, amepita hamsini, mzaliwa wa Vihingo huko Kisarawe, aliyehamia kijiji cha jirani na shamba kwa ajili ya kazi. Huyo ndiye aliyenifundisha taipureta. Nilifika sijui hata kuingiza karatasi. Akaweka vidole vyake juu ya vyangu, herufi kwa herufi, bila kunigombeza hata siku moja. Siku za mapumziko alinikaribisha kwake, nikala wali na mchicha wa nazi wa mkewe mpaka nikazoea kuingia bila hodi. Na wala hakuwa mtu wa kukaa. Alitembea saa nzima kuja kazini na saa nzima kurudi, na kila alipomaliza barua alisimama, akaenda mpaka kisimani na kurudi, ndipo akaanza nyingine. Sisi vijana tulikuwa tukimcheka, tukisema mzee anakwenda kuhesabu vyura.

Alikuwa na busha. Kubwa. Ofisi nzima ilijua, na manamba waliokuwa wakikata mkonge walijua, lakini hakuna aliyelitamka. Kanzu yake pana ililifunika, na heshima aliyokuwa nayo kwa watu ikafunika kilichobaki.

Agizo la drili lilipotoka, mzee akapata pa kukimbilia. Ikikaribia saa nne alichukua barua akazipeleka stesheni mwenyewe. Siku moja alinivuta nyuma ya ofisi.

"Mwanangu, mambo yangu unayajua."

"Nayajua, mzee."

"Basi kwenye ile orodha yako niandike nipo kazini, stesheni. Nikionekana nakwepa, bwana atanifukuza. Na akinivua kanzu mbele ya watu wale, mimi hapa sitakaa tena. Nisitiri, baba."

"Ondoa shaka, mzee," nikamwambia. Akanishika bega akashukuru, masikini, akarudi mezani kwake.

Jumamosi nikasimama mbele ya meneja nikasoma. Karani mkuu: Jumatatu hayupo, Jumanne hayupo, Jumatano hayupo. Nilisoma wiki nzima, tena kwa sauti. Meneja akaniuliza, "Huwa anakwenda wapi?" Neno lilikuwa moja tu, stesheni. Nikainua mabega.

"Sijui, bwana."

Msinitafutie sababu za maana. Niliitaka meza yake. Ilikuwa karibu na dirisha, na manamba walikuja pale na vipande vyao, zile kadi za kazi, mkononi, wamevua kofia. Halafu kulikuwa na jingine, la kishenzi zaidi: nilitaka kuona. Kuona tu kilichofichwa, kama mtoto anayechungulia bafuni. Wallahi, hilo ndilo ninaloona haya kulisema mpaka leo, kuliko hata la meza.

Jumatatu meneja akamwambia mbele yetu kwamba leo ataruka, au arudishe funguo za ofisi. Manamba walikuwa kwenye foleni uwanjani, wanangoja vipande vyao viandikwe, na wanawake wauza maandazi wamekaa pembeni. Mzee akatoka. Alivaa kaptula aliyoiazima sijui kwa nani, imefungwa kiunoni kwa kamba ya mkonge. Akasimama mwisho wa mstari, mikono amekutanisha mbele.

Akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alikuwa anangoja nimsaidie. Na msaada nilikuwa nao, maana zoezi nilichagua mimi. Ningesema kunyoosha mikono dakika zote kumi, siku ile ingepita salama.

"Kuruka!" nikaita. "Moja!"

Akaruka. Nilipofika tatu foleni ikaguna. Nilipofika tano mwanamke mmoja akapiga ukelele, "Mama wee!" na kicheko kikapasuka uwanja mzima. Mmoja akauliza kwa sauti, hilo boga kalivunia wapi, wakazidi kuangua. Makarani wenzangu wakaacha kuruka, wakatazama chini. Akabaki anaruka peke yake, mikono haiendi tena juu, imeshika chini kuzuia maumivu, mdomo wazi, uso umelowa. Nami nilihesabu kwa sauti safi kabisa.

Yule meneja, ambaye miaka yote nimekuwa nikimtupia lawama kwenye mazungumzo ya barazani, alikuwa amekwishageuza uso. Alininyanyulia mkono, basi, inatosha. Nilimwona vizuri sana. Nilikuwa nimefika kumi na mbili. Nikaendelea mpaka ishirini.

Mzee alikwenda nyuma ya ofisi akavaa kanzu yake, akanawa uso, akaketi akamalizia barua aliyoiacha nusu. Niliikagua baadaye nikitafuta kosa, sikupata hata moja. Kisha akaweka funguo juu ya meza akaondoka, hakuaga mtu. Wiki haikuisha, yeye na mkewe wakahamia Vihingo kulima.

Meza nikapewa mimi. Nikavimba, nikanunua na kalamu ya kuchomeka mfukoni. Kila asubuhi manamba walipita dirishani, wengine wana umri wa baba yangu, wakaniamkia shikamoo, nami nikaitikia bila kuinua uso, marahaba, marahaba, kama mtu anayefukuza nzi. Drili iliendelea kama kawaida.

Lakini nilianza kukosa raha. Chakula kilinichachia mdomoni. Mwaka ulipokaribia kwisha nikaona nitakufa na jambo hili, na kwamba pengine mzee akinisamehe nitapumua. Jumapili moja nikafunga safari ya Kisarawe na ratili nne za sukari, mwendo wa treni, lori na miguu. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno: nimekosa, mzee wangu, nipige hata bakora. Nilikuwa nimeazimia nimpigie magoti.

Nilimkuta mbele ya nyumba, amejifunga msuli, anamenya mihogo. Aliniona tangu mbali. Mkewe naye alichungulia mlangoni, akanitambua, akaingia ndani, nikasikia vyombo vinagongana. Nikajua ananimiminia chai, nikafarijika.

Nikakaribia. Sijafungua mdomo, mzee akaweka kisu chini. Akashika ukuta, akajivuta kwa taabu mpaka akasimama wima, akakutanisha mikono mbele, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bwana karani mkuu."

Nilipaswa kuanguka pale pale miguuni pake. Nilipaswa kulia. Yale maneno niliyoyapanga njia nzima hayakutoka. Ulimi ulikwishazoea njia yake ya kila asubuhi.

"Marahaba," nikasema.

Mkewe alikuwa amefika mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Akasimama, akanitazama mara moja, akageuka, akarudi nacho ndani.