Kilio cha Benedicta na Besi ya Évode

Kabati zito likiburutwa juu ya dari: ndivyo Évode alivyousikia muziki ule mara ya kwanza, kwenye hedifoni za Mswidi aliyepakia naye mizigo uwanja wa ndege. Bendi yenyewe ilikuwa ya Waingereza wa zamani, wapigaji wa roki ya metali nzito iendayo mwendo wa jeneza. Ilivunjika ikiwa maskini. Leo vijana wa Stockholm wenye mishahara minono hufuga nywele na kujifunza huzuni yake.

Évode hakufuga kitu, alikuwa na upara. Ila katika kanisa la wahamiaji wenzake huko Tumba, pembezoni mwa Stockholm, alipiga gitaa la besi, na besi hiyo ndiyo iliyomfanya aitwe mtu. Kazini alikuwa mikono tu. Alichelea kunyang'anywa besi hiyo, maana Mchungaji Valéry alikwisha kuhubiri dhidi ya bendi za mafuvu, hata picha akazionyesha. Évode aliitikia amina kuwashinda wote, kisha akarudi nyumbani na hedifoni masikioni.

Benedicta, muumini mwenzao, akafiwa na mumewe huko Bujumbura. Mjane aliyatazama mazishi kwenye simu, asitoe chozi. Siku ya kuondoa matanga, kwenye ukumbi wa kanisa, kwaya ilimwimbia nyimbo za shangwe, naye akakaa mkavu kama kuni. Soda zilipokuwa zikigawiwa, vidole vya Évode vikateleza vyenyewe kwenye uzi mnene, polepole, chini kabisa.

Benedicta akaangua kilio. Ukumbi mzima ukamfuata.

"Huu tuliuimba misheni, Masaka," alisema mzee Ssali akijifuta macho.

"Masaka wapi, mzee wangu! Huu ni wa kwetu Gitega," Magdalene wa kwaya akamdakia.

Dative, mkewe Évode, aliyeosha vyombo miaka yote na mlio huo ukivuja masikioni mwa mumewe, akamfinya. "Baba Gaël, si ndio wale wako wa mafuvu?"

"Nyamaza, mama."

Mchungaji akaja, macho mekundu. "Ndugu Évode, wimbo huu tutautia maneno, tuuimbe kila msiba. Umetungwa na nani?"

Évode akaitazama besi. Akamtazama Benedicta, aliyepumua sasa kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Uongo ulikuwa umeshapakuliwa mezani, Masaka au Gitega, achague mwenyewe. Akaivua besi begani, akaiegemeza ukutani.

"Na watu wenye huzuni, Mchungaji," alisema, kwa sauti ya chini mno. "Wale wa kwenye picha zako."