Tangi Ambalo Barnaba Hakuliosha

Kama uliwahi kusalimiana kwa mkono na Barnaba Wanyama wa mtaa wa Amalemba, basi ulirudi kwako ukinuka dawa. Miaka kumi na tisa alifanya kazi katika maabara ya kiwanda kimoja cha sukari, na kazi yenyewe ilikuwa kuua vijidudu. Maji ya miwa yakikaa kidogo tu, vijidudu huyavamia na kula sukari kabla ya mwenye kiwanda. Barnaba alivimwagia dawa, akasugua mifereji, akaosha mikono, akaanza tena. Alipopunguzwa kazini mwaka wa tisini na sita, mikono yake haikupata habari. Nyumbani iliosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa, mpaka mkewe, Nekesa, akaanza kuvificha.

Mwaka uliofuata akapata tumaini. Naliaka, mama aliyekuwa akimalizia kujenga hoteli mjini Kakamega, alitaka tangi la kioo pale mapokezini. Si la samaki kama la kila mtu, bali la kamba wa mtoni, wale viumbe wadogo wenye masharubu, ambao ukimtazama mmoja unaona mpaka chakula tumboni. Barnaba akasema analiweza, maana ametunza maji maisha yake yote. Naliaka akamwahidi kazi ya kudumu kwa sharti moja: siku ya ufunguzi kamba wawe hai.

Kamba wa kwanza walikufa siku ya tatu. Wa pili wakafa siku ya pili. Na usidhani Barnaba alizembea. Maji ya mfereji aliyalaza kwenye pipa siku mbili ili dawa yake itoke. Changarawe aliichemsha. Sponji ya chujio, ile ambayo pampu ya hewa hupitishia maji yasafike, aliitoa kila asubuhi akaikamua kwa maji moto hadi ikawa nyeupe. Kioo kiling'aa, ungeweza kujinyolea ndevu hapo. Ndani yake kamba walilala ubavu, wekundu kama waliopikwa.

"Mzee Barnaba," Naliaka akamwambia, "imebaki mwezi mmoja. Hawa wakikufa tena, usirudi. Nitaita mtu wa Nairobi."

Barnaba alirudi nyumbani akaketi nyuma ya jikoni. Alikuwa na miaka hamsini na miwili. Nani tena angemwajiri? Nekesa alikuwa akichambua mboga kando ya ndoo kuukuu. Katika ndoo hiyo Barnaba alibebea kamba wa kwanza kutoka Mto Isiukhu, kisha akaisahau pamoja na mawe yake, ikaota ukijani.

"Baba Musimbi, na hawa wa ndoo mbona hawakufi?"

"Wa ndoo gani?"

"Hawa ulisahau. Wako saba, mimi nawaonanga kila siku. Wewe ukiosha, wanakufa. Ukisahau, wanaishi."

Barnaba akainama. Mawe yalikuwa na utelezi wa kutia kinyaa, na juu yake kamba saba walikuwa wakidonoadonoa, hawana habari na mtu. Yeye, mtu wa maabara! Kule kiwandani vijidudu vilikula sukari. Hapa vilikula sumu inayotoka kwenye kinyesi cha kamba na kila kinachooza, na makao yake yalikuwa huo utelezi, hiyo changarawe, hiyo sponji. Kila asubuhi aliviua kwa maji moto, kisha akashangaa maji yakigeuka sumu. Hakuna aliyemroga. Kamba wale aliwaua mwenyewe, kwa usafi. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Akaanza upya. Nusu ya mawe ya ndoo akayahamishia tangini na utelezi wake, akatupia omena wawili, wale dagaa wa ziwani, waoze, vijidudu vipate chakula viongezeke. Halafu akangoja. Wiki tatu tangi lilikaa halina kitu ila uchafu, na Mike wa mapokezi akawa akilipita ameziba pua makusudi.

Siku nne kabla ya ufunguzi, Barnaba alitia kamba mmoja wa kujaribia. Kesho yake maji yakageuka meupe kama yaliyooshewa mchele.

"Wageni wangu wataona nini, uji?" Naliaka akafoka. "Kesho nikikuta hivi, namwaga."

Alipoondoka, Barnaba alikuwa amekwisha kunja mikono ya shati. Ndoo ilikuwa tayari, brashi ilikuwa tayari. Vidole viligusa maji. Ndipo kamba yule mmoja akajitokeza kwenye kioo, akipanda taratibu, akidonoa. Yu hai! Basi weupe ule haukuwa sumu, ni vijidudu vyenyewe vilivyokuwa vikiongezeka. Barnaba akautoa mkono kana kwamba umeungua. Akaketi kwenye benchi, akaikalia mikono yake yote miwili, na mafundi rangi wakamcheka waziwazi.

Aliikalia siku hiyo, na asubuhi iliyofuata akaikalia tena, kila kishindo cha nyayo kikimshtua. Naliaka alichelewa. Saa sita ikapita. Kisha Barnaba akagundua kwamba anaiona saa ya ukutani upande wa pili wa tangi, na anaisoma: saa nane na robo. Machozi yakamtoka. Akakimbilia mtoni na ndoo yake.

Siku ya ufunguzi wageni walilizunguka tangi, na kamba arobaini wakatembea juu ya mawe bila kumjali yeyote.

"Umewapa dawa gani?" Naliaka akamnong'oneza.

"Sikufanya kitu, mama."

"Haya, kazi ni yako. Jumatatu uanze na kuosha hayo mawe, yanatia kinyaa."

Barnaba hakuwahi kukataa kuosha kitu tangu azaliwe. "Mama, choo nitaosha. Ngazi nitaosha, hata gari yako. Hapo, hapana."

Naliaka akamtazama, akawatazama kamba. "Basi usioshe."

Jioni Nekesa alivitoa vikombe mafichoni. Barnaba akanywa chai yake akaimaliza, akakiweka kikombe mezani na makapi yake ya chai, akakiacha hapo.